Manyuali au oto: raha ya kuendesha gari iko wapi hasa?

#1 Korongo la Makulu

Habari wakuu.

Nimeendesha manyuali tangu nipate leseni. Nilianza na pikapu ya mzee, baadaye nikanunua Toyota GX100 ya gia tano na nikakaa nayo miaka mingi. Mwaka jana niliiuza nikachukua Toyota IST ya oto, cc 1300. Foleni ya asubuhi hapa Dodoma kwenda Mtumba ilikuwa inanimaliza mguu wa kushoto, na mke wangu naye alitaka gari anayoweza kuichukua muda wowote.

Gari haina kasoro. Mafuta inakula kidogo, vipuri vyake havisumbui kupatikana, na haijawahi kunilaza njiani. Ila raha ya kuendesha imeondoka. Zamani Jumamosi nilikuwa natafuta sababu ya kwenda Kondoa. Leo nikitumwa Kibaigwa tu naona adhabu. Nakaa, naweka D, nashika usukani, basi. Nikifika sikumbuki hata nilipita wapi.

Naweka hoja yangu wazi: kwenye manyuali unaendesha, kwenye oto unaendeshwa. Mnaopinga njooni na sababu. Mnaokubali nielezeni raha yenyewe inatoka wapi. Ni mkono na mguu kuwa na kazi? Ni mlio wa injini? Au ni ujana tu umepita?

#2 Nusu Tangi

Mkuu unalinganisha visivyolingana. GX100 ni cc 2000, silinda sita, inasukuma kwa nyuma. IST yako ni silinda nne na inavuta kwa mbele. Hata ungeifungia gia sita za mkono isingekupa ile raha. Lawama ni za injini, giaboksi haihusiki.

#3 Fundi wa Chang'ombe

Namba 2 yuko sawa nusu. Ngoja niweke ya gereji.

Kwenye manyuali ukishaachia klachi, klachi pleti imebanwa kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini), mguu wako wa kulia na matairi vimeungana. Ukikanyaga kidogo gari inajibu, ukiachia gari inajishika yenyewe. Kwenye oto ya kawaida hapo katikati kuna tokikonveta. Ni chombo kilichojaa mafuta: injini inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma giaboksi. Ukikanyaga ghafla, injini inapanda kelele kwanza, halafu ndiyo gari inavuta. Sehemu ya ile nguvu imeishia kuwa joto ndani ya mafuta. Mwendo ukikaa sawa, ndani kuna klachi inayojifunga ili mafuta yasiteleze, lakini ukikanyaga kwa nguvu inafunguka tena.

Sasa ongeza kwamba IST ya toleo la kwanza ina gia nne tu. Zimeachana sana. Kutoka ya pili kwenda ya tatu mizunguko inadondoka mno na gari inapoa.

La mwisho ni hewa yetu. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo (kile kipulizia hewa) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda. Injini ya cc 1300 ya IST imeandikwa farasi 87. Hapa kwetu hesabu zinabaki kama farasi 77, na hapo tokikonveta bado haijachukua chake.

Kwa hiyo anachosikia mleta uzi si mawazo yake. Kipo.

#4 Dada wa Ilazo

Samahani kaka zangu, humu kila mwenye hoja ya manyuali ni mwanaume, na kila mara mfano wa oto ni "gari ya mke wangu".

Nimejifunza kwa manyuali, mtihani nimefanyia manyuali, na kwenye mteremko wenye foleni gari yangu hairudi nyuma. Nikachagua oto kwa akili zangu. Mleta uzi anasema akifika hakumbuki alipita wapi. Mimi ni kinyume. Tangu niache kufikiria klachi ndiyo nimeanza kuiona barabara. Jioni nikitoka Mtumba, pale Ihumwa jua liko usoni, bodaboda anachomoka kushoto bila taa, mbuzi wanavuka, lori limesimama bila pembetatu. Naviona vyote mapema kwa sababu akili yangu haiko kwenye gia. Na huko kuona ndiko raha yangu.

Unayeendeshwa ni wewe unayelala, kaka. Giaboksi haijakulaza.

#5 Suka wa Nala

Dada wa Ilazo mjini uko sahihi. Mlimani hapana.

Mimi navuta semi, njia ya Singida kwenda Rusumo. Mlima Sekenke ukishuka na mzigo kamili, breki unazigusa tu, gari unaishikilia kwa gia na egzosi breki, ile inayoziba moshi wa injini. Tulivyofundishwa na wakubwa ni kwamba gia unayopandia ndiyo utakayoshukia. Ukikosea ukaingia na gia kubwa, breki zinachemka, zinaanza kunuka, halafu zinakuacha. Pale ndipo unajua udereva ni nini. Unapangua gia moja kabla ya kona, injini inanguruma, trela inatulia nyuma yako. Hiyo raha sijui niielezeje kwa mtu ambaye hajaipata. Ni raha ya kujua kwamba tani zote zile zimekusikiliza.

Oto inaamua yenyewe. Mlimani sitaki kuamuliwa.

#6 Mtani wa Iringa

Watani zangu Wagogo mnabishana habari za milima na ninyi mnaishi kwenye meza! Njooni Nyang'oro mkitoka Mtera mjifunze kupangua gia, Sekenke hiyo ni tuta tu.

Ila nakubaliana na mleta uzi asilimia mia. Ile kona unayoiona kwa mbali, unajua hii ni ya gia ya tatu, unapangua kabla hujafika, unatoka nayo inavuta. Hesabu umefanya wewe na jibu umelipata wewe. Kwenye oto unafika kwenye kona ukiwa gia ya nne, unakanyaga, inafikiri, inashuka gia ukiwa katikati ya kona. Mawazo yenu hayakutani.

#7 Kibaigwa Mahindi

Mimi raha ya manyuali ni mafuta. Mteremko wowote naweka frii, yaani naitoa kwenye gia, gari inaserereka yenyewe, injini inapumzika. Na oto huwezi.

#8 Fundi wa Chang'ombe

#7 ndugu yangu acha hiyo tabia leo leo.

Gari yoyote ya kisasa ya pampu ya umeme na nozeli, ukiachia mafuta ukiwa ndani ya gia kwenye mteremko, kompyuta inafunga nozeli kabisa. Injini inazungushwa na matairi, haipati hata tone. Ukiweka frii, matairi hayaizungushi tena, kwa hiyo lazima ichome mafuta ili isizime. Unatumia zaidi, na umejinyima breki ya injini. Mambo ya frii yalikuwa ya magari ya kabureta.

Na kwenye oto kuweka N ukiwa spidi halafu kurudisha D ni kuumiza klachi za ndani. Gereji tunaletewa.

#9 Mtani wa Iringa

Nyang'oro tunawaona wanaoshuka na frii. Wengine tunawaona wakiwa wameshafika chini bila barabara.

#10 Mstaafu wa Kikuyu

Vijana, nimewasoma wote. Niongeze la zamani.

Nilikuwa dereva wa serikali miaka ya 80. Land Rover 109 niliyokabidhiwa ilikuwa Series II, gia ya kwanza na ya pili hazina sinkronaiza, kile kifaa kinacholinganisha mizunguko ili gia iingie laini. Ukitaka kurudi gia ya pili unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unapiga mafuta kidogo mpaka sikio likuambie mizunguko imelingana, unakanyaga klachi tena, ndipo gia inaingia. Ukikosea inakusagia meno na bosi nyuma anakohoa. Njia ya Iringa kupitia Mtera ilikuwa vumbi tupu, masika ni matope, na huko Bahi ukikwama ulikuwa unalala hapo hapo.

Baadaye nikapewa Peugeot 504 ya gia ya usukani. Sinkronaiza gia zote za mbele. Wenzangu wengine walisema sasa udereva umekufa, hii gari mtu yeyote ataendesha. Maneno yale yale ninayoyasoma hapa leo, ila wakati ule yalisemwa juu ya manyuali.

Nafikiri kila dereva anaipenda ile kazi aliyojifunza kwa taabu. Ikiondolewa anaona ameondolewa yeye.

Nami naipenda manyuali, msinielewe vibaya. Sikio langu bado linahesabu mizunguko hata nikiwa abiria.

#11 Korongo la Makulu

Shikamoo mzee. Hilo la kuondolewa wewe mwenyewe limenigusa, nitalitafakari.

Fundi asante kwa maelezo, sasa naelewa kwa nini inapiga kelele bila kwenda. Dada wa Ilazo, nakubali unaona mengi barabarani. Ila mimi bila kazi ya mikono akili inaondoka kabisa, inaenda kwenye ada za watoto. Klachi ndiyo ilikuwa inanirudisha. Nafikiri watu tumeumbwa tofauti katika hilo.

#12 Mwendo wa Pole

Sijawahi kuchangia uzi wa magari, leo nachangia.

Nilipoteza mguu wa kushoto kwenye ajali ya pikipiki. Nilikaa miaka naendeshwa kila mahali, kazini, hospitali, msibani. Kaka yangu ndiye aliyenikalisha kwenye oto uwanjani nyuma ya nyumba na kuniambia huu mguu ulionao unatosha. Unatosha kweli. Mguu wa kulia ndio wenye mafuta na breki.

Sasa mtu akiniambia kwenye oto unaendeshwa, namwambia mimi najua kuendeshwa ni nini. Kuendeshwa ni kusubiri mtu amalize shughuli zake ndipo akupeleke. Siku niliyotoka peke yangu mpaka Manyoni na kurudi, ile barabara iliyonyooka ambayo wengi mnasema inachosha, niliendesha huku naimba.

Sina ugomvi na manyuali. Ila neno "unaendeshwa" mlipime.

#13 Korongo la Makulu

Mkuu #12, nimekuelewa na nakuheshimu. Hoja yangu ibaki kwa sisi wenye miguu miwili tunaochagua.

#14 Dada wa Ilazo

#12 nimesoma mara mbili. Ubarikiwe, na uchangie nyuzi zaidi.

#15 Mwalimu wa Mstari Mweupe

Nafundisha udereva hapa mjini. Wanafunzi wengi siku hizi wanakuja wakisema "mwalimu nifundishe oto tu, nyumbani hakuna manyuali". Sisi tunawaanzisha na manyuali.

Sababu yangu si raha. Mtu aliyejifunza manyuali anaelewa gari inafanya nini: nguvu inatoka wapi, kwa nini inazima, kwa nini mlimani inahitaji gia ndogo. Akihamia oto anakuwa dereva mzuri wa oto. Aliyeanza na oto akipewa Canter ya shambani anabaki kuitazama.

Wenzetu wameligawa hili kwenye leseni. Uingereza ukifanyia mtihani kwenye oto, leseni inakuruhusu oto tu. Japani walianzisha leseni ya oto pekee mwaka 1991. Na Japani ndiko yanakotoka magari yetu mengi, ndiyo maana ukitafuta manyuali ya gari ndogo leo unatafuta sana. Wenyewe waliacha kununua, sisi tunapokea walichonunua. Hatukuchagua oto kwa mjadala wowote.

#16 Gia ya Sita

Mwalimu umesema kweli. Mimi ni kijana wa 2000 na bado natafuta manyuali, kwa hiyo mzee wa Kikuyu tusiseme ni mazoea ya wazee tu.

Tena ukitazama dunia, waliokimbilia oto kwa sababu ya kasi wengine wanarudi. Mwaka 1989 Ferrari walileta kwenye Formula 1 gari yenye vibonyezo vya gia nyuma ya usukani, Nigel Mansell akashinda nayo Brazil mbio ya kwanza kabisa. Tangu hapo kila mtu alijua mkono haushindani na mashine kwa kasi. Porsche walipotoa 911 GT3 mpya mwaka 2013 waliinyima manyuali kabisa, wateja wakalalamika, na mwaka 2017 wakairudisha. Toyota GR Yaris ya tabo ilizaliwa 2020 ikiwa manyuali tu.

Hao wateja wa Porsche walijua oto ni ya haraka zaidi. Walitaka manyuali hivyo hivyo. Kwa hiyo raha na kasi ni vitu viwili.

#17 Nusu Tangi

#16 malizia habari: GR Yaris mwaka 2024 ikaongezewa oto ya gia nane. Na hata Land Cruiser 70, mkonge wetu huu wa maporini, ilivyorudishwa Japani mwishoni mwa 2023 ilikuja na injini ya cc 2800 na oto ya gia sita. Mkonge wa oto! Ukitaka kujua upepo unavuma kwenda wapi, hapo panatosha.

#18 Suka wa Nala

Mkonge wa oto ukaufanye nini porini? Betri ikifa Kilimatinde utaisukuma?

#19 Kibaigwa Mahindi

Hapo suka umemaliza mjadala. Oto haisukumwi ikawaka. Haijawahi na haitawahi.

#20 Fundi wa Chang'ombe

Za leo haziwaki kwa kusukuma, kweli. Pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna presha ya kubana klachi za ndani, matairi yanazunguka bure. Ila "haijawahi" si sahihi: baadhi ya oto za zamani sana, zikiwemo Hydra-Matic za GM zilizoanza na Oldsmobile za 1940, zilikuwa na pampu ya pili upande wa nyuma iliyozungushwa na matairi. Hizo ziliweza kusukumwa.

Kwa sababu hiyo hiyo ya pampu, msivute oto kwa kamba umbali mrefu matairi yanayovuta yakiwa chini. Giaboksi inazunguka bila mafuta. Mnaivuta kutoka Chalinze Nyama mpaka mjini, mnaniletea mzigo wa kuua.

Na manyuali ya sasa msiitegemee sana kwa kusukuma. Betri ikifa kabisa kabisa, kompyuta na pampu ya petroli havipati umeme.

#21 Bahi Sokoni

Kwenye mchanga je? Huku kwetu ukitoka lami ni mchanga wa korongo au tope la mbuga. Nimeona manyuali nyingi zikichoma klachi pale pale. Jamaa anakaba, anaachia nusu, anakaba tena, harufu inafika kijijini kabla yake. Oto inavuta polepole mfululizo bila kukatika, na mchanga unataka usikatike. Ukibadilisha gia katikati ya mchanga, ule muda wa kukanyaga klachi gari imeshazama.

#22 Mstaafu wa Kikuyu

Bahi Sokoni ni kweli kuhusu kukatika. Sisi dawa yetu ilikuwa kuchagua gia kabla ya kuingia, ya pili ya lo (zile gia nzito za porini), na kutoigusa mpaka utoke ng'ambo. Na upepo wa matairi unapunguza kwanza. Aliyechoma klachi alikuwa ameingia na gia isiyo yake.

Kwa Sekenke na Nyang'oro niko na suka. Kwa mchanga, ningepewa oto yenye lo nisingekataa.

#23 Suka wa Nala

Mzee shikamoo. Nami niseme ukweli wote. Vichwa vipya vinavyoingia vingi ni vya oto. Volvo wana I-Shift tangu 2001, Scania wana Opticruise. Ndani ni giaboksi ya manyuali kabisa, klachi ipo, ila anayekata ni kompyuta. Vijana tunaopishana nao mizani ya Nala wanashuka wakiwa hawajachoka. Mimi nikishuka goti la kushoto linalia. Na unaweza kuhamishia kwa mkono ukaamua gia mwenyewe mlimani.

Nimeendesha kimoja. Kinapangua gia vizuri kuliko madereva wengi ninaowajua. Bado nikirudi kwenye changu nafurahi. Sababu ndiyo hiyo mnayoitafuta humu, mkiipata mniambie.

#24 Nusu Tangi

Sasa mleta uzi, jaribu hivi kabla hujauza gari. Kwenye liva yako kuna 2 na L, na pembeni kuna kitufe cha O/D. Watu wananunua oto na kufa nayo bila kugusa hizo. Ukizima O/D haiingii gia ya nne. Ukiweka 2 haipandi zaidi ya ya pili. Nenda Kondoa, endelea mpaka miteremko ya Bereko, uitumie kama mtu mwenye mikono.

#25 Gia ya Sita

Wakati tunamsubiri: hivi mmegundua watu wa manyuali wengi zaidi nchi hii ni bodaboda? Kila siku wanapiga klachi na gia kutwa nzima na hakuna anayesema anafurahia.

#26 Bahi Sokoni

Nani kakwambia hafurahii? Mimi ni bodaboda. Barabara ya Bahi alfajiri bila abiria, gia ya mwisho imeingia laini, hakuna hela ninayoilinganisha na hiyo. Na bajaji gia zake ziko mkononi, muulize dereva wa bajaji kama ataipokea ya oto.

#27 Dada wa Ilazo

Mimi siku hizi safari ya Dar napanda SGR. Tangu ianze 2024 sijaendesha kwenda huko. Treni ya umeme haina hata gia za kubadilisha, na inaondoka bila kushtuka. Gari za umeme nyingi ni hivyo hivyo, gia moja tu kutoka sifuri mpaka mwisho. Huu mjadala wenu wajukuu watauliza gia ilikuwa kitu gani.

#28 Mtani wa Iringa

Dada kwenye SGR ndiyo tumekubaliana wote unaendeshwa, au hapo nako unaona barabara?

#29 Dada wa Ilazo

Hapo naona dirisha na nasinzia kwa amani. Sijasema nakwenda kuendesha.

#30 Korongo la Makulu

Wadau, nimerudi. Nilikwenda wikiendi, lami ya Babati mpaka kuvuka Bereko, nikashuka mpaka karibu na Bonga, nikageuza.

Nimetumia kitufe cha O/D karibu safari yote baada ya Kolo. Kushuka na 2 gari inajishika vizuri, breki nilizigusa kidogo sana, hapo suka nimekuelewa kwa gari ndogo. Kupanda nilizima O/D kabla ya kona badala ya kusubiri ianze kutafuta gia. Imekwenda vizuri zaidi na kuna vipande nilianza kufurahia. Akili ilikuwa barabarani, ada za watoto sikuziwaza.

Ila nieleze kilichobaki. Ninapobonyeza kitufe natoa ombi. Kuna muda kati ya kubonyeza na gari kutii, na katika ule muda sijui itatii vipi. Kwenye GX100 mkono wangu ulikuwa unaisikia gia ikiingia, kiganja kinapata ule mtikisiko. Nafikiri mimi raha yangu iko hapo, kwenye kugusa. Nguvu za injini na milima ni nyongeza.

#31 Fundi wa Chang'ombe

Hicho ni kweli. Liva ya manyuali, hasa ya gari za kusukuma nyuma kama GX100, inaingia moja kwa moja juu ya giaboksi. Unashika chuma kinachogusa gia. Gari nyingi za kuvuta mbele liva inavuta waya, giaboksi iko kule mbele pembeni ya injini. Kwa hiyo hata ukinunua manyuali ndogo ya kuvuta mbele, usitegemee ule mtikisiko wote.

#32 Nusu Tangi

Mnaona? Tumerudi pale pale namba 2. Ni gari, si oto.

#33 Gia ya Sita

Hapana, tumekwenda namba 6. Ni kuamua kabla ya kona. Mkuu kasema mwenyewe alianza kufurahia alipoanza kuamua.

#34 Mstaafu wa Kikuyu

Na mimi nasema bado ni namba 10. Kiganja kinakumbuka kilichojifunza kwanza. Mtoto wake akijifunzia hiyo IST, atakuja kuililia IST.

#35 Mwendo wa Pole

Mimi niko namba 12 na sihami.

#36 Shamba la Hombolo

Samahani kuingilia, nimesoma uzi wote. Nataka Probox ya kubebea zabibu kutoka Hombolo kuja mjini, njia ya vumbi nusu, mzigo mzito msimu wa mavuno. Nimepata mbili, moja manyuali gia tano, moja oto. Bei zimekaribiana. Nichukue ipi? Atakayeendesha ni mdogo wangu, ana leseni mpya.

#37 Fundi wa Chang'ombe

Oto ni ya mwaka gani? Probox mpaka kabla ya 2014 oto yake ni gia nne za kawaida, ngumu sana, ukibadilisha mafuta ya ATF, yale ya giaboksi ya oto, kwa wakati inakaa. Kuanzia 2014 ni CVT, oto isiyo na gia za hatua, mkanda wa chuma. Hiyo inataka mafuta yake maalumu, usimwagiwe ATF ya kawaida na mtu, na mzigo mzito kwenye joto la Oktoba haiupendi. Kwa mzigo wa zabibu mimi ningechukua manyuali. Klachi ikiisha unafunga nyingine siku moja.

#38 Dada wa Ilazo

Fundi, kijana ana leseni mpya, njia ina mchanga na mzigo mzito. Klachi itaisha msimu wa kwanza. Hombolo chukua oto ya gia nne kama ndiyo hiyo.

#39 Mwalimu wa Mstari Mweupe

Klachi haiishi kama amefundishwa. Mlete kijana Jumamosi asubuhi na Probox ya manyuali yenyewe kabla hujailipia, twende naye njia ya Hombolo ikiwa imepakiwa. Tukirudi utajua ununue ipi.

#40 Shamba la Hombolo

Asante mwalimu. Ni ya 2012 hiyo ya oto, fundi. Naongea na mwenye gari kama atakubali tuitoe na mzigo.